Kumpumzikia Mama Kulwa

1

Watu wengine wakipanda mlimani hupumzika wanavyojua wenyewe. Mwingine hulala mpaka njaa imwamshe. Mwingine hubeba kazi zake akazifanyie kwenye nyumba ya wageni, akarudi kwake amechoka mara mbili. Bi Sikudhani Kombo hakuwa na ruhusa ya kupumzika hovyo namna hiyo. Kwake ilikuwa kazi, na katika kazi hiyo wenzake walimwita fundi.

Alifika Kwembula masika yamekatika na kipupwe kimeanza kubisha hodi. Behewa la waya lilimpandisha kutoka Mombo, likapita juu ya migomba, kisha juu ya mashamba ya kabichi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, kisha likazama ndani ya ukungu na kumtema kwenye baridi. Chini bondeni watu walikuwa wamevaa vishati vyepesi. Huku juu mipichesi ilikuwa inapukutisha majani, mengine ya manjano, mengine mekundu kama kutu, na uwanja wote wa nyumba ndogo ya mbao ya kampuni ya Tulizo ulikuwa umetandikwa kama jamvi.

Alivua viatu, akachemsha maji, akakaa barazani na kikombe mkononi na blanketi mapajani. Kisha akagusa kidani shingoni. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende, chenye uvuguvugu, kilichonata kwenye ngozi pale chini ya koo mshipa unapopiga. Kikawaka taa ndogo ya kijani.

"Haya, Mama Kulwa," alisema polepole, kama mtu anayepiga bismillahi kabla ya kula. "Tunaanza."

Hakuwahi kumwona huyo Mama Kulwa. Alichojua ni kwamba jina lake ni Minza, anaishi Mwanza, amejifungua pacha, na mumewe yuko angani kwenye kituo cha vioo vya jua, ambako zamu ikianza haikatizwi mpaka iishe. Mawifi zake walikuwa wamempa zawadi ya mapumziko kamili ya mlimani. Mzazi mwenye pacha wachanga hawezi kupanda mlima. Basi mlima huteremshwa kwake.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akitulia kwelikweli, utulivu wake hujiandika mwilini: katika mapigo ya moyo, katika chumvi za damu, katika mawimbi madogo ya ubongo. Kidani huyasoma maandishi hayo na kuyafyonza, kikayahifadhi ndani ya uzi wa fuwele mwembamba kuliko unywele. Kila asubuhi tone moja hurushwa hadi kwenye kidani cha mteja, popote alipo, limshikize. Siku ya mwisho mpumzikaji huketi mbele ya mtungi wa chuma uliopo chumba cha ndani na kumimina vyote vilivyobaki.

Mteja hupata raha ya mlima bila mlima. Mpumzikaji hubaki na kumbukumbu ya mlima bila raha yake. Wahandisi wa Tulizo walijaribu sana kuinakili hisia ili wote wawili wagawane, lakini kila nakala ilitoka kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu, wakakata tamaa. Kilichotoka kwa mmoja ndicho kilichoingia kwa mwingine.

Sikudhani alikuwa ameikalia milima mingi. Aliyakumbuka maua ya Kitulo na maporomoko ya Uluguru, na alikumbuka kwamba vilikuwa vizuri, kama unavyokumbuka kwamba simba ana meno. Hakulalamika. Aliwajua watu waliolala usingizi wa kwanza baada ya msiba kwa sababu yeye alikaa juu ya jiwe fulani akatazama mawingu. Ni kazi ngapi zinazoweza kusema hivyo?

2

Asubuhi iliyofuata alikuwa amejilaza barazani akisikiliza majani yakianguka, mara akasikia mtu akiimba. Kusema ukweli, kuiita ile sauti kuimba ilikuwa kuitendea wema. Kutoka kwenye ukungu akatokea mwanaume mrefu, mwenye mvi pembeni mwa kichwa, amebeba ngazi begani na bunda la wavu kwapani. Buti lake moja lilikuwa jeusi, la pili la kahawia.

"Hodi hapa."

"Karibu, lakini taratibu," alisema Sikudhani. "Niko kazini."

Yule bwana alimtazama: mwanamke amelala kwenye kiti cha kamba, blanketi mpaka kidevuni, kikombe kimemkalia juu ya tumbo.

"Naona," alisema kwa heshima kabisa. "Pole na kazi."

Sikudhani alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, chai ikamwagikia blanketi. Taa ya kidani ikaacha ukijani wake na kuwa ya dhahabu.

Jina lake lilikuwa Elinihaki Mbwambo, Mpare wa Same, na kazi yake ilikuwa kutunza nyavu za ukungu. Nyavu hizo zilisimama mgongoni mwa mlima, ndefu kama kuta za shule, zimefumwa kwa nyuzi ambazo ukungu hauwezi kuzipita bila kuacha maji. Chemchemi za zamani zilikuwa hazitabiriki tena. Vijiji vya chini vilikunywa mawingu. Bomba la kwenda nyumba ya Tulizo lilikuwa linavuja, na ndilo lililomleta.

Alilitengeneza kwa muda mfupi. Kisha akaikagua kazi yake kwa muda mrefu sana.

"Nitarudi kesho kuhakikisha," alisema.

"Kuhakikisha nini? Halivuji tena."

"Ndiyo maana. Lazima mtu ahakikishe kwamba linaendelea kutovuja."

Tulizo walimkataza mpumzikaji aliye kazini mambo mawili: ugomvi na mapenzi. Ugomvi huchachusha mavuno ya kidani, kila mtu alielewa. Kuhusu mapenzi hawakutoa sababu, na Sikudhani hakuwahi kuuliza. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Ndoa yake ya ujanani iliisha kimya kimya, hakuna aliyefungiwa mlango wala aliyelia, na tangu hapo hakuona kama katazo hilo linamhusu.

Elinihaki akarudi kuhakikisha. Siku nyingine akarudi na pichesi za mwisho wa msimu, ndogo, zilizokunjamana, tamu kuliko zote. Akamwalika juu kuziona nyavu, wakasimama pamoja ndani ya wingu, matone yakikimbizana kwenye nyuzi mpaka kwenye mfereji, na mlima wote ukisikika kama mtu anayekunywa. Wakati wa kushuka alimshika mkono penye utelezi. Penye utelezi palipokwisha, aliendelea kuushika.

Akampikia makande. "Mpare asiyejua makande ni mtu wa kutiliwa shaka," alisema, kisha akajisahau akieleza habari za mkewe aliyefariki zamani, jinsi alivyokuwa akiwakemea majirani kwa methali alizozitunga mwenyewe, na makande yakaungua mpaka sufuria ikalia. Waliyala hivyo hivyo. Sikudhani alisema yana ladha ya nyumba iliyonusurika. Elinihaki akacheka mpaka akaweka kijiko chini, na Sikudhani akamtazama akicheka, akajua kwamba katazo sasa linamhusu.

Kidani kilikuwa kinawaka dhahabu mfululizo siku hizo. Kila asubuhi tone lilirushwa kwenda Mwanza, naye hakufikiria sana lilikotua.

3

Simu iliingia akiwa anapuliza moto. Mteja hana ruhusa ya kuzungumza na mpumzikaji, lakini mtu mwenye watoto wawili wanaolia kwa zamu hupata njia.

"Dada, shikamoo. Naitwa Minza. Mama Kulwa."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeipataje namba hii?"

"Nimewasumbua watu wa Tulizo mpaka wakachoka. Ngoja kidogo." Mtoto alipiga ukelele, kukasikika mashuka, pumzi, kimya cha mtoto aliyepata ziwa. "Dada, nina swali la aibu. Huyo mwanaume ni nani?"

Sikudhani alikaa chini juu ya gogo la kuni.

"Mwanaume yupi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Juzi nimetabasamu peke yangu mbele ya birika. Nikifumba macho nasikia matone ya maji, na moyo unanienda mbio kama msichana wa shule. Mume wangu nampenda, dada, lakini buti za mume wangu zinafanana. Huyu wa kwangu sijui kwa nini nadhani ana buti za rangi mbili."

Hilo halikutakiwa kuwezekana. Kidani hubeba hisia, si picha. Lakini Sikudhani alikumbuka mhandisi mmoja mzee aliyewahi kumwambia kwamba hisia ikiwa nzito mno huchukua vumbi la mahali ilipotoka, kama gari linavyoingia mjini na udongo wa kijijini kwenye matairi.

"Anaitwa Elinihaki," alisema. "Nisamehe. Nimevunja masharti. Sikupaswa kukutumia vitu hivyo."

Upande wa pili sauti ya Minza ikabadilika, mzaha ukaisha.

"Usiniombe msamaha. Nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu? Tangu hawa watoto wazaliwe nawanyonyesha, nawaogesha, nawafunika. Nafanya kila kitu. Lakini nilikuwa nawaona kama watoto wa jirani niliyeachiwa kuwashikia, nangoja mwenyewe aje awachukue. Kila mtu ananiambia hongera, nami naitikia asante, na ndani hamna kitu. Nimemweleza daktari kwamba nimechoka. Nilichoka kweli. Lakini haikuwa uchovu."

Sikudhani aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Matone yako ya kwanza yalinipa usingizi. Namshukuru Mungu. Nililala, nikaamka, nikawatazama: bado watoto wa jirani. Ila haya ya karibuni, haya yenye huyo bwana wako..." Alimhamishia mtoto begani. "Jana nilikuwa namkausha Doto miguu. Nikaushika unyayo wake, dada, nikataka kuula. Nilikaa na ule mguu mkononi mpaka Kulwa akaona wivu. Halafu jioni ikaniisha. Leo asubuhi tone limekuja, nimewaona tena. Naogopa likiisha nitarudi kule."

"Nitakapomimina haliishi hivyo," Sikudhani alisema taratibu. "Tone ni kionjo. Kilichomiminwa huota mizizi."

"Najua. Ndiyo sababu nimepiga." Minza alivuta pumzi. "Mimi nilidhani ni hali ya hewa ya huko, au mandhari. Sasa naelewa ni kitu chako mwenyewe. Kama ni chako, usinipe. Nipe ule utulivu wa kawaida, ule wa siku za mwanzo. Nitajikokota."

Baada ya simu kukatika Sikudhani alikaa pale na moto ukazimika tena. Utulivu wa kawaida haukuwa na mahali pake peke yake. Uzi wa fuwele hauna vyumba. Vyote vilikuwa vimechanganyika humo kama maji na maziwa, uvimimine vyote au uache vyote.

Na kuacha kulikuwa rahisi, hilo ndilo lililomtisha. Kidani kikibanwa kwa vidole viwili mpaka taa izimike, mavuno humrudia mwenyewe. Kila mpumzikaji alijua. Husemwa tu kwamba mavuno yameharibika, Tulizo humpangia mteja mpumzikaji mwingine baada ya majuma kadhaa, na hakuna anayelaumiwa. Mwingine atampelekea Minza usingizi mzuri sana. Usingizi alikuwa nao tayari.

4

Alimwambia Elinihaki siku ile ile, wakiwa wanakunja wavu uliochanika. Alimweleza yote bila kupamba: watoto wa jirani, unyayo wa Doto, mtungi wa chuma. Elinihaki aliendelea kukunja mpaka alipofika mwisho wa wavu.

"Na wewe ukishamimina, utanionaje?"

"Nitakumbuka kila kitu. Makande, pichesi, utelezi. Nitajua kwamba tulicheka. Sitajua tulichekea nini."

"Nitakuwa kama nani kwako?"

Sikudhani alifikiri, kwa sababu alistahili jibu la kweli. "Kama mtu niliyekaa naye kiti kimoja kwenye behewa. Mtu mzuri."

Elinihaki aliweka wavu chini.

"Nikuulize jambo, Siku. Hicho unachotaka kumpa huyo mama, kimetoka wapi?"

"Kwangu."

"Kwako peke yako? Nani aliyekuletea pichesi? Nani aliyeunguza sufuria?" Hakupandisha sauti, lakini masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi au kwa kitu kingine. "Nusu ya kitu hicho nimekifanya mimi. Watu wenu wa Tulizo wana mtungi, wana nyuzi za fuwele, wana wanasheria. Kuna yeyote aliyewahi kuwauliza hao mnaocheka nao? Ukitazama bonde zuri, bonde halidai. Mimi si bonde."

Kwa miaka yote hiyo Sikudhani alikuwa akijiuliza kama ana haki ya kutoa kilicho chake. Hakuwahi kuwaza kwamba kinaweza kuwa cha watu wawili.

"Umesema kweli," alisema hatimaye. "Basi nakuuliza. Ukikataa, simimini. Nitabana kidani hapa hapa mbele yako."

"Usiniambie hivyo. Sasa umenibebesha mimi."

"Ndiyo. Nusu."

Aliondoka bila kuaga, akapanda kwenye nyavu zake. Kutwa nzima hakuonekana. Sikudhani alijaribu kupumzika kwa mujibu wa taaluma, akashindwa vibaya. Taa ya kidani ilipepesa kijani, dhahabu, kijani, kama gari lililoharibika. Alifagia majani uwanjani, yakaanguka mengine. Akayafagia na hayo.

Asubuhi yake Elinihaki alikuja, hakuimba. Alisimama chini ya ngazi za baraza na kofia mkononi.

"Nimekasirika na bado nimekasirika," alisema. "Hilo ujue."

"Najua. Keti."

"Nitasimama. Nimefikiri hivi. Mimi hapa kazi yangu ni kukinga wingu na kulipeleka chini kwa watu nisiowajua. Sijawahi kusimama juu ya tangi nikasema maji haya nimeyakinga mimi, nani kanishukuru. Lakini yale ni maji. Hiki ni..." Alitafuta neno, hakulipata, akaliacha. "Hao watoto wana umri gani?"

"Wachanga. Hata kukaa hawajaweza."

"Nusu yangu naitoa," alisema. "Kwa sharti moja. Usishuke na behewa. Ukimaliza hiyo kazi yako, chukua likizo, kaa hapa. Yako mwenyewe, bila hicho kidude. Sikuombi unipende. Wewe utakuwa umesahau kupenda, lakini mimi sitakuwa nimemiminwa. Nitakuwa nakupenda peke yangu kama mjinga, na sitaki kufanya hivyo huku wewe uko kwenu Korogwe."

Sikudhani alimtazama. Kidani kilikuwa kinawaka mpaka shati lake lilionekana kama limeshika moto.

"Sijawahi kupumzika kwa ajili yangu," alisema. "Sijui hata inaanzia wapi."

"Inaanzia na kukubali."

"Nimekubali."

Hapo ndipo Elinihaki alipoketi. Walikaa bega kwa bega mpaka ukungu ukaondoka na bonde lote likafunguka chini yao, mapaa ya bati yaking'aa hadi Mombo. Walikuwa wanaagana na kitu, nao hawakutaka kukiharakisha.

5

Mtungi ulikuwa wa kawaida tu, mfano wa ule wa kuchemshia chai harusini. Sikudhani alipachika kidani kwenye mdomo wake, akaweka viganja viwili juu ya chuma, akafumba macho.

Kwa kawaida kumimina kulikuwa kama kuvuliwa koti na mtu mwenye adabu. Safari hii kulitoka kwa kishindo. Ukungu ulitoka, pichesi zikatoka, mkono wenye sugu penye utelezi ukatoka, sauti ile mbaya ikiimba ikatoka. Vyote vilimpitia mara ya mwisho vikiwa na uzito wake wote, akatamani kuvishika, akaacha mikono yake ilale pale pale. Kisha kukawa shwari. Chumba kilikuwa na meza, dirisha, mtungi. Nje kulikuwa na miti inayopukutisha majani, kama miti ya namna hiyo inavyofanya wakati wa baridi.

Akatoka barazani. Elinihaki alikuwa amesimama uwanjani akigeuza kofia mikononi.

Sikudhani alimwona mwanaume mrefu mwenye mvi na buti zisizofanana. Alijua kila alichomwambia. Alimhurumia kidogo, kama unavyomhurumia mtu aliyengoja sana kwenye foleni.

"Habari, Bwana Mbwambo," alisema. "Samahani. Hakuna kitu."

"Hata chembe?"

"Hata chembe. Sitaki kukudanganya."

Elinihaki alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Uso wake ulikunjika, kisha akaunyoosha kwa bidii. "Karibu tena Kwembula, mgeni. Chai iko tayari."

Siku iliyofuata Minza alipiga simu. Hakusema asante, na Sikudhani hakuingoja. "Dada, Kulwa ana kidoti nyuma ya sikio la kushoto," alisema. "Muda wote huu nimemwogesha, na sikuwa nimekiona. Leo nimekitazama mpaka maji yamepoa. Halafu nimempigia baba yao huko angani nikamweleza habari za kidoti mpaka mtandao ukakatika." Alicheka na kulia pamoja. "Hicho kitu chako hakikuenda kwa mwanaume yeyote, dada. Kimefika kwangu, kikawaona wao, kikakaa."

Sikudhani alielewa kwamba hiyo ni habari njema. Alimwambia hivyo, akampa salamu awape watoto, akaweka simu mezani na kuitazama.

Likizo ilimwia ngumu. Hakujua la kufanya na mikono. Alikaa kwenye kiti cha kamba na kitu fulani kikawa kinamdai atulie, kisha akakumbuka kwamba hakuna anayedai. Elinihaki alifika kila siku, hakumsogelea sana, hakumkumbusha lolote. Alileta kuni, akaleta habari za bomba. Sikudhani alimjibu kwa upole, akamwona anavyoumia, akasikitika kwa akili zake ingawa si kwa moyo. Mara mbili alifikiri kwamba ingekuwa huruma zaidi kushuka na behewa. Lakini alikuwa ameahidi.

Kisha mbuzi wa jirani akanasa kwenye nyavu.

Alikuwa beberu mkubwa mwenye ndevu za kadhi, na jinsi alivyopanda kwenye wavu wa tatu mpaka akaning'inia kwa pembe, miguu ya nyuma ikipiga hewa, hakuna aliyewahi kueleza. Elinihaki alikuja mbio kuomba msaada. Sikudhani alipanda naye, akakamata miguu, yeye Elinihaki akapanda ngazi kukata nyuzi, akimbembeleza mnyama kwa maneno ya kikubwa: "Tulia, mzee wangu, sisi sote watu wazima hapa." Beberu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Wavu ukakatika ghafla, mbuzi akaangukia ngazi, ngazi ikamwangusha Elinihaki, naye akatumbukia chali ndani ya tangi la maji ya vijiji vitatu. Maji yakaruka. Buti moja likaelea juu. Beberu akasimama ukingoni, akamtazama kwa dharau, akainama, akanywa.

Sikudhani aliketi pale pale kwenye matope. Kicheko kilimjia kutoka mbali, kidogo, kikiwa na mashaka, kisha kikamkamata mbavu na kumtikisa mpaka machozi yakamtoka. Elinihaki alijiinua ndani ya tangi, maji yakimtoka masikioni, meno yakigongana. Hakuangalia mbuzi. Alimwangalia yeye.

"Umecheka," alisema.

"Nimecheka."

"Kuna mtu mahali fulani anayekingoja hicho kicheko?"

Sikudhani alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. Mbavu zilikuwa bado zinamuuma, na kwa mbali, kama mtu anayehisi vidole vyake baada ya baridi, alihisi kwamba angependa kujua huyu bwana huwaambia nini mbuzi wengine.

"Hakuna," alisema. "Hiki nakibakiza mwenyewe. Toka humo, Eli, kabla vijiji havijakunywa jasho lako."

Akasimama, akamnyooshea mkono, naye Elinihaki akaushika kwa mikono yote miwili. Na kwa kuwa ukingo ulikuwa na utelezi na hakuna aliyekuwa tayari kuachia, wakatumbukia wote.